Namna ya kumueleza mtoto roho kwa mfano wa kompyuta

Siku ya tatu, baada ya hitma, jamvi bado limetandikwa ukumbini, binti wa ndugu yangu alinijia akaniuliza: "Ami, bibi kazimwa au kafutwa?" Ana miaka tisa. Akitoka skuli hushinda dukani kwangu Mlandege, mjini Unguja, akinitazama nikifungua laptopu, kwa hiyo aliuliza kwa maneno aliyonayo. Bibi yake, ndiye marehemu, ni mama yangu. Jioni ile sikuweza kumjibu. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe wiki moja," na wiki nzima nikawa natafuta jawabu ambalo halitamdanganya. Ninayoandika hapa ndiyo niliyofanya naye. Tangu hapo nimeyarudia kwa watoto wawili wa chuo cha Kurani ninakosomesha baada ya Magharibi, na wote wamefiwa.

Tayarisha laptopu kongwe isiyo na kazi, na nyengine nzima pembeni, bisibisi ndogo, mizani ya jikoni na flashi moja. Siku ya pili utahitaji bahari. Chagua wakati baada ya Alasiri, mtoto ameshakula. Siku ya mazishi usianze kabisa. Siku hiyo mtoto anataka mapaja ya kukalia tu.

Mpe bisibisi mwenyewe afungue. Usimfungulie. Akishatoa kifuniko cha chini mtajie vitu kwa majina: hii feni, hii betri, hii kadi ya ram, yaani kumbukumbu ya muda, hii diski inayohifadhi kila kitu. Mashine zetu za visiwani karibu zote zina ukungu wa kijani penye shaba, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Mwache auguse, mwambie huu ndio mwili wa kompyuta, na mwili huliwa. Kisha muulize: "Lile gemu unalocheza liko wapi humu?" Wangu aligusa diski. Nikamwambia itoe uitazame. Akaigeuza na kuigeuza, akainusa, akasema, "Silioni." Hapo usiseme neno. Huo ndio mlango, na ameufungua mwenyewe: kipo kitu kinachoiendesha mashine, na jicho halikioni hata ukifungua misumari yote.

Mizani ni ya kulithibitisha hilo. Pima flashi ikiwa tupu, halafu ijaze Kurani nzima iliyosomwa kwa sauti, uipime tena. Namba haisogei. Kilichoingia hakikuongeza uzito, ni mpangilio tu: vijumba vilevile vidogo vya umeme, vimepangwa upya. Nasisitiza hatua hii kwa sababu mtoto akikua atakutana na watu watakaomwambia roho ina gramu 21. Asili ya maneno hayo ni daktari mmoja wa Marekani, Duncan MacDougall, aliyewaweka wagonjwa sita mahututi juu ya mizani na kutoa matokeo yake mwaka 1907. Namba hiyo aliipata kwa mgonjwa mmoja tu. Kwa wengine mizani ilisema mengine. Mtoto aliyeona flashi iliyojaa isivyoongezeka uzito hatahitaji gramu za mtu ili aamini kuwa kitu kipo.

Akiuliza kwa nini mashine moja huweza kuwa gemu, redio na daftari la hesabu, mwambie kuwa mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi ya mashine nyengine yoyote ya kuhesabu, mradi ipewe maelekezo yake. Chuma ni kimoja, maelekezo ndiyo yanayobadilika. Inatosha, endelea.

Sasa linakuja jambo ambalo watu wazima wengi hulikosea: kumwambia mtoto kuwa roho ni umeme. Waya ukikatika, mtu amekwisha. Usiseme hivyo. Umeme mfananishe na uhai, na programu uifananishe na nafsi, yaani ule wewe wa ndani, tabia zako na kumbukumbu zako. Mimi humpigia mtoto mfano wa giza letu wenyewe. Disemba 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika Unguja yote, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Wenye jenereta walivuma usiku kucha, sisi wengine tukarudi kwenye kandili. Mimi nilikuwa na mashine saba za watu rafuni, nyeusi, kimya, zimeshika vumbi. Umeme uliporudi niliziwasha moja moja, nikakuta barua za watu zipo, picha za harusi zipo, na hesabu za duka la mchele zimesimama pale pale zilipoachwa. Kuzimika si kufutika. Neno hilo nilimwambia binti yangu taratibu, mara mbili, kwa sababu ndilo swali alilokuja nalo.

Kisha funga kifuniko cha ile laptopu nzima bila ya kuizima, mwonyeshe kataa kadogo kanavyopepesa. Imelala: ram inanyonyeshwa umeme kidogo tu, ili isisahau ilipofika. Hapo msomee Sura ya 39, aya ya 42, kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa, na zile ambazo hazijafa huzichukua usingizini. Ile iliyokadiriwa kufa huizuia, nyengine huirudisha mpaka muda wake. Watoto hulielewa hili upesi kuliko sisi. Wangu aliuliza kama yeye huchukuliwa kila usiku. Nikamwambia ndiyo, na kila asubuhi hurudishwa, ndiyo maana tunashukuru tukiamka.

 

Kazi kubwa ni hii inayofuata, na ifanywe siku ileile, kabla ya Magharibi: uuvunje mfano wako mwenyewe mbele ya mtoto. Ukimwacha alale akiamini kuwa yeye ni programu, umemfundisha vibaya kuliko kama ungenyamaza. Wapo wanafalsafa waliosema kwa dhati kuwa akili ni programu ya ubongo, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Mimi nimezifungua mashine tangu ujana wangu, na siamini.

Nakili gemu lake kutoka mashine moja hadi ya pili. Yawashe yote mawili. Muulize lipi la kweli. Atasema yote, na amesema haki. Programu haina asili na nakala, ziko sawa. Kisha muulize, polepole: "Na ningekunakili wewe, wakawa wawili, sura moja, kumbukumbu moja, mama yako angemlaza nani?" Binti yangu alinyamaza kitambo. Akasema, "Angenilaza mimi, ningemwita." Nikamwambia yule wa pili naye angemwita, kwa sauti hiyohiyo. Akafikiri tena, macho yamejaa machozi, akasema: "Lakini Ami, mimi ningekuwa nimesimama mlangoni, namuona yeye analazwa." Nilimkumbatia. Sijasoma popote jawabu lililonitosha kama hilo. Gemu likiwa mawili hakuna anayesimama mlangoni.

Muulize pia: mashine ikikosea, huona haya? Iliyofutiwa kazi zake huzililia? Yeye analia. Mwambie kilio chake ni cha kitu ambacho dukani kwangu sijawahi kukikuta.

Siku ya pili mpeleke baharini, maji yakijaa na upepo umetulia. Sisi tulikwenda Fumba. Mlaze chali juu ya maji, wewe umshike kichwa kwa viganja, masikio yazame, afumbe macho. Mwache hivyo kwa pumzi kumi. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliwataka wasomaji wake wafikirie mtu aliyeumbwa akiwa anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, haoni wala hasikii. Mtu huyo, alisema, bado angejua kuwa yupo. Akiinuka muulize: "Ulipokuwa husikii wala huoni, alibaki nani?" Kisha mrudishe kwenye laptopu: ing'oe skrini, ing'oe kibodi, ondoa spika. Zinabaki namba zinazozunguka, na hakuna anayejua kuwa zinazunguka.

Akiendelea kuuliza roho hasa ni kitu gani, usitunge. Mfungulie Sura ya 17, aya ya 85. Mtume aliulizwa swali hilohilo, akaamrishwa ajibu kuwa roho ni katika mambo ya Mola wake, na kwamba sisi tumepewa elimu kidogo tu. Programu imeandikwa na mtu na mtu anaweza kuisoma mstari kwa mstari; hii hatukupewa kuisoma. Mtoto anaweza kulipokea hilo, ukimwambia bila ya kigugumizi.

Limebaki moja la mkono. Katika simu ya marehemu mara nyingi mna sauti zake. Mama yangu aliacha jumbe za sauti nyingi, nyingi zikiuliza kama nimekula. Zinakili sehemu mbili, kompyuta moja na flashi moja, na flashi uitie ndani ya kichupa chenye kifuniko cha kukaza pamoja na punje chache za mchele mkavu, chumvi isiipate. Andika juu jina na tarehe. Mtoto akitaka kusikiliza msikilizishe, ukae naye, na umwambie kabla ya kubonyeza kuwa hii ni sauti ya bibi. Yeye mwenyewe hayumo humu. Wangu husikiliza Ijumaa, moja tu, kisha anakirudisha kichupa kabatini kwa mkono wake.