Kabla ya kwenda Kaole na Bagamoyo: mambo ya kuzingatia kwa safari ya siku moja kutoka Dar

Jambo la kwanza la kuangalia ukipanga kwenda Kaole, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu, ni mwezi wa angani. Wengi huuliza nauli na mvua, wakasahau kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Magofu yako nchi kavu na unaweza kuyatembelea saa yoyote ya mchana, lakini nusu ya habari yake iko kwenye mikoko iliyo mbele yake. Kaole ilikuwa bandari. Tope likajaa, mikoko ikaota juu ya tope, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo, kama kilomita 5 kaskazini. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, fika maji yakiwa yamekupwa.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Kwa pwani yetu, siku hizo maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kwenye saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, saa 4 asubuhi ndiyo kwanza maji yamejaa. Kwa hiyo chagua siku iliyo karibu na bamvua, na uwe umefika Kaole kabla ya saa 4.

Vaa raba za kufunga kamba usizozionea huruma. Ndala hunyonywa na tope zikabaki huko huko, na ukienda pekupeku, chaza walioganda kwenye mizizi watakukata nyayo. Usiingie mikokoni bila mwenyeji. Maji yanapoanza kujaa hupita kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kwa hiyo utayaona yamekuzunguka wakati mbele bado pakavu.

Magari ya Bagamoyo hupakia stendi ya Makumbusho. Kutoka katikati ya Dar njia ni kama kilomita 70, na kinachokula muda ni foleni ya kuanzia Mwenge hadi Bunju. Ukiondoka saa 12:30 asubuhi utakuwa Bagamoyo mapema. Ukiondoka saa 2, asubuhi nzima imekwisha. Stendi ya Bagamoyo chukua bajaji kwenda Kaole, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, kabla hujapanda. Wanaopatana ya kwenda tu hujikuta magofuni hawana usafiri, wakalipa chochote watakachoambiwa.

Kiingilio cha maeneo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi. Weka salio la kutosha kwenye simu, ikiwemo makato, na simu iwe na chaji. Beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa bei ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni.

Ndani ya Kaole usikimbilie mbuyu wa kale ambao wageni wengi huufuata. Kwanza tazama makaburi yenye nguzo. Kwenye nguzo utaona mashimo ya mviringo, mapana kama mdomo wa bakuli, na ndivyo yalivyo: humo ziliwekwa bakuli za kauri kutoka China, zikiwa pambo na alama ya cheo cha marehemu. Kwenye makumbusho ndogo ya hapo hapo kuna vyombo vya aina hiyo. Ukiangalia shimo kwanza, kisha chombo, biashara ya Bahari ya Hindi inakukaa akilini. Usikanyage wala kuegemea kaburi. Mawe yake ni ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ya kale humeguka kwa uzito wa begi tu. Mengine bado hutembelewa na watu wenye dua zao. Ukiwakuta, weka kamera chini na usubiri.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo uupe mchana, kwa sababu nyumba zake hukupa kivuli. Usipite barabarani ukipiga picha za milango peke yake. Omba kuingia ndani ya nyumba moja ya mawe, ukiwa na mwongozaji mwenye kitambulisho mliyekwisha kupatana bei. Ukiwa ndani, inua macho utazame boriti. Ni magogo ya mikoko, na kwa kuwa hayapatikani marefu, vyumba vimekuwa vyembamba, karibu mita 3 kwa upana, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri. Kisha tafuta ukuta uliokarabatiwa kwa saruji. Mara nyingi plasta imefura na kudondoka, maana saruji hufungia ndani unyevu na chumvi ambavyo chokaa ingeviachia vitoke. Hapo utaelewa kwa nini majengo haya hufa hata yakitengenezwa.

Misheni ya Wakatoliki ilianza 1868. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia na msafara walimokuwamo watumishi wake, Chuma na Susi. Jumapili asubuhi kuna ibada, kwa hiyo panga kufika baadaye. Ijumaa mchana, ukiwa mjini, tarajia maduka mengi kufungwa wakati wa sala. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana ni cha kutafuta kwa shida. Kula kabla ya kuondoka Dar, na usile wala kunywa hadharani.

Kila mtu abebe maji lita 2, kofia, na kanga au kikoi cha kujifunika magoti na mabega. Vitu vyote viwe ndani ya kikapu au begi la kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019. Kati ya Machi na Mei, masika hugeuza njia za vumbi kuwa utelezi, na safari hii tungeiahirisha.

Samaki wa kukaanga na pweza utawapata soko la samaki, ufukweni. Onja kabla ya kuagiza chakula kingi, na uulize kimekaangwa saa ngapi. Saa 10 jioni uwe stendi: magari hupungua kadiri jua linavyoshuka, na foleni ya Bunju inakungoja wakati wa kurudi pia.