Beleshi likae mgongoni: kupanda milima ya theluji kwa pikipiki

Mimi ni fundi wa injini, mzaliwa wa Pangani, na huu ni msimu wangu wa 11 wa kuendesha pikipiki za theluji, mashine zenye ski mbele na mkanda badala ya magurudumu, huku British Columbia, magharibi mwa Kanada. Zamani nikifika kwenye maegesho ya Revelstoke Jumamosi alfajiri, sikusikia Kiswahili ila kile nilichokuja nacho. Siku hizi naamkiwa "Shikamoo fundi" na vijana waliotoka Calgary na Edmonton, mashine mpya juu ya trela, hamu imewajaa. Nafurahi kuwaona. Kisha natazama migongo yao na sioni begi la vifaa vya kuokolea. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Katika maporomoko ya theluji yanayoua watu, karibu visa tisa kati ya kumi hufyatuliwa na marehemu mwenyewe au mwenzake wa msafara uleule. Mlima haukuvizii. Ni sisi tunaoupanda kwa mashine ya kilo 250 hivi, pamoja na mafuta, yenye mkanda unaochimba.

Theluji hulala kwa matabaka. Usiku mtulivu wenye anga safi, juu yake huota vipande vya umande ulioganda, vyembamba kama magamba ya changu, vimesimama wima. Asubuhi vinameta, unatamani kupiga picha. Theluji mpya ikivifunika vinabaki huko chini, pengine kwa wiki kadhaa, na juu yake pamejengeka bamba gumu. Chukua ubao, uweke juu ya mtama uliomwagwa sakafuni, kisha uinamishe sakafu. Ndivyo mteremko ulivyo siku hiyo, na wewe ndiye unayekwenda kuukanyaga ubao.

Kwa hiyo kazi inaanza nyumbani. Avalanche Canada, shirika lenye makao hapahapa Revelstoke, hutoa taarifa ya hatari kila siku wakati wa msimu, bure. Ina viwango vitano. Wengi husoma namba tu, na namba inayotupoteza ni tatu. Mtu akiona tatu kati ya tano anasema "wastani, twende." Lakini maana ya tatu ni kwamba mtu kufyatua poromoko ni jambo linalotarajiwa. Soma na maelezo: tatizo ni bamba la theluji iliyorundikwa na upepo au ni tabaka dhaifu lililozikwa? Liko juu kwenye vilele au kwenye mstari wa mwisho wa miti? Upande gani wa mlima? Mimi huandika majibu kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya tangi la mafuta. Kikaratasi kingine nakiacha jikoni kwa mke wangu: tunakwenda bonde gani, na nani, na saa ngapi ajue tumechelewa. Huko juu simu haishiki, kwa hiyo kila msafara uwe na kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha kuomba msaada.

Mlimani, pima mwinamo. Maporomoko mengi ya hatari hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, na ndiyo hiyohiyo tunayoipenda kwa kushindana nani atafika juu zaidi. Simu yako ina programu ya kupima, itumie mpaka jicho lizoee. Siku yenye mashaka baki chini ya digrii 30, ila uangalie pia kilicho juu yako. Unaweza kuwa umeegesha tambarare unakula sandwichi, na mteremko ulio juu ukakushukia. Tarehe 13 Machi 2010, kwenye Boulder Mountain hapa Revelstoke, watu kama 200 walikuwa wamekusanyika kutazama wenzao wakipanda. Poromoko liliwafikia watazamaji. Wawili walikufa, na majeruhi walikuwa kama 30.

Mlima hutoa dalili, lakini sisi wa injini hatuzisikii. Anayetembea kwa miguu husikia theluji ikidondoka ndani kwa ndani kwa mlio mzito, kama gunia la mchele limeangushwa chumba cha pili. Huo ni mlio wa tabaka dhaifu kuvunjika. Wewe uko juu ya injini inayonguruma na kofia ngumu imeziba masikio. Zima basi. Shuka, tembea hatua 20, chimba kwa mkono, tazama kama nyufa zinakimbia mbele ya buti lako. Ukiona poromoko jipya mahali popote kwenye miteremko inayofanana na wako, hapo hapana mjadala tena, badilini njia.

Sasa nieleze kosa langu.

Ilikuwa Februari, msimu wangu wa tatu. Tulikuwa watatu. Rafiki yangu wa Mombasa alipanda mteremko, akakwama karibu na juu, mashine imezama hadi kwenye kiti. Nikaona nimsaidie. Nilipokaribia, nikaona ufa ukipita mbele ya ski zangu kama uzi unaovutwa, kisha mteremko mzima ukaanza kutembea. Mimi nilitupwa pembeni. Yeye alifukiwa hadi kifuani, uso nje, alhamdulillahi. Beleshi langu nilikuwa nimelifunga nyuma ya mashine, na mashine ilikuwa imekwenda nalo bondeni.

Theluji ya poromoko ikisimama hugeuka saruji. Nilichimba kwa mikono, kisha kwa kofia. Rafiki yangu aliniambia, kwa sauti ndogo sana, "Kaka, usiniache." Alikuwa amebanwa kifua, kila neno analitafutia pumzi. Yule wa tatu alifika na beleshi lake, tukamtoa kwa dakika chache. Kama angefukiwa hata kichwa, kofia yangu isingemfikia kwa wakati. Hilo sijalisahau hata siku moja.

Kanuni mbili nilizipata hapo. Kwanza, mteremkoni anapanda mtu mmoja tu. Aliyekwama ajikwamue mwenyewe, au azime mashine, asubiri na kutulia, wengine wakimtazama kutoka mahali salama, mashine zao zimeelekezwa kwenye njia ya kutokea na injini tayari kuwashwa. Inauma kumtazama mwenzako akihangaika. Vumilia. Ukimfuata unaongeza uzito palepale alipoulegeza, na mkifukiwa wote hakuna wa kuchimba.

Pili, vifaa vya kuokolea vikae mwilini. Transiva, kile kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi ili mtafutwe, ivaliwe chini ya koti, imewashwa tangu maegeshoni hadi kurudi. Beleshi la chuma, si la plastiki, na fimbo ya kuchokolea theluji viwe kwenye begi mgongoni. Begi lenye puto, linalojazwa hewa poromoko likikukumba ili ubaki juu ya theluji, ni ghali, lakini puto likifunguka hupunguza vifo karibu kwa nusu, na kwangu hiyo ni hesabu inayolipa kuliko bomba jipya la moshi. Simu ikae mbali na transiva, angalau sentimita 20, na ukiwa unatafuta mtu sentimita 50, maana inavuruga mawimbi.

Mwenzako akifukiwa kabisa, wewe ndiye uokoaji. Akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo nafasi yake ya kuishi ni kubwa, kisha inashuka haraka kwa kukosa hewa. Hakuna helikopta itakayofika kwa muda huo. Kwa hiyo kariri haya.

Kabla ya kukimbilia, tazama juu. Tarehe 28 Desemba 2008, karibu na Fernie, walioanza kuwachimba wenzao walipigwa na poromoko la pili. Kati ya watu 11, wanane walikufa. Pakiwa salama, shika kwa macho pale alipoonekana mara ya mwisho. Wote mzime injini na mgeuze transiva kwenye kutafuta. Akisahau mmoja, mtamfuata yeye badala ya aliyefukiwa. Mkiwa wengi, mmoja abonyeze kifaa cha setilaiti. Fuata mshale na namba ya umbali kwenye transiva, haraka mwanzoni. Ikifika mita tatu, punguza mwendo, piga magoti, kifaa kiguse theluji. Hapa ndipo wengi huharibu kwa pupa. Kwenye namba ndogo kuliko zote anza kuchoma fimbo, ikiwa wima na uso wa theluji, ukizunguka kutoka katikati kwa hatua za sentimita 25. Ukigusa mtu utajua, ni laini na inarudisha kidogo. Iache fimbo palepale.

Kisha chimba. Usichimbe juu ya fimbo ukamkanyagia hewa yake. Shuka upande wa chini, umbali wa mara moja na nusu ya kina alichopo, uchimbe kuingia kwake kama unatoboa handaki. Wa mbele anakata, wa nyuma wanasukuma theluji nje, mkibadilishana kila dakika. Uso kwanza, kisha kifua.

Hakuna anayeweza haya kwa kusoma tu. Fanya kozi ya siku mbili ya mwanzo, gharama yake haifiki bei ya mkanda mmoja wa mashine. Na usipande na asiyeifanya. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyekuzidi umri, hasa sisi tuliolelewa kutowapinga wakubwa. Mwaka jana mzee mmoja ninayemheshimu alifika bila transiva, akasema atakaa nyuma yetu tu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, leo hatutapanda pamoja, maana ukifukiwa sitakuona." Alinyamaza, akapakia mashine, akaondoka. Wiki mbili baadaye alinipigia kuniuliza anunue transiva ipi.

Maegeshoni, kabla ya kuondoka, mmoja husimama mbele na transiva kwenye kutafuta, wengine wanampita mmojammoja hadi kila mlio usikike. Hapohapo tunakubaliana kwamba yeyote akisema "hapana," hata aliyejiunga jana, tunageuza bila kumuuliza sababu.

Mwezi Novemba huwa naifunga transiva yangu ndani ya mfuko wa mchele na kuifukia kwenye uwanja wa mpira karibu na kwangu, vijana wanaitafuta huku naangalia saa. Mara ya kwanza walichukua dakika 9. Desemba walifika 4. Anayetaka kuja mwaka huu aje na betri mpya za alkalini, si za kuchaji, na glavu za pili, maana za kwanza zitalowa.