Dodoso la Kiswahili kwa utafiti wa Nakivale: mganga wako si muganga wao

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la duka la kuchapisha pale Wandegeya na mdogo wangu mmoja, muuguzi kutoka Bukoba anayesoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Kampala. Anataka kufanya utafiti wa tasnifu kwa kina mama wakimbizi wa Kikongo. Akaniuliza, "Kaka, Kiswahili si lugha yetu? Kutafsiri dodoso kutanila siku ngapi?" Nilicheka, maana swali hilo niliwahi kujijibu mwenyewe: jioni moja. Ilinila wiki tano. Haya ndiyo niliyomwandikia baadaye, nikianza na hatua ambazo yeye ameshazipita, kwa faida ya wengine.

Hatua ya 1: Chuo

Makerere wana programu ya kukaa darasani ya miaka 2 na ya masafa ya miaka 3. Kama una kazi wilayani, chukua ya masafa. Shahada ya kwanza uliyoipata nje ya Uganda ipeleke mapema Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ikalinganishwe.

Hatua ya 2: Msimamizi

Chagua anayejibu ujumbe. Basi.

Hatua ya 3: Sampuli

Kupata idadi ya watu wa kuhoji, hapa Uganda karibu kila mtu anatumia fomula ya Kish Leslie ya 1965. Ukiweka asilimia 50 kama makadirio ya wenye jambo unalochunguza, kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia 5, unapata 384.16, yaani watu 385. Wengi huharibu mwishoni, wanapoongeza asilimia 10 ya watakaokataa: wanazidisha kwa 1.1 na kupata 424. Gawanya kwa 0.9, upate 428. Ukichagua watu kwa makundi, kwa mfano kijiji kwa kijiji, zidisha kwanza kwa athari ya makundi (design effect, namba inayofidia kufanana kwa watu wa kundi moja), la sivyo siku ya kutetea tasnifu utaulizwa.

Marejeo yako yaweke Zotero, programu ya kupangia marejeo, tangu siku ya kwanza. Anayeyaandika kwa mkono anajitafutia adhabu.

Hatua ya 4: Dodoso (ukiwa na haraka, soma hapa tu)

Nilifanya kama vitabu vinavyosema. Mtu mmoja akatafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, wa pili, ambaye hajaona la awali, akalirudisha kwenye Kiingereza, tukalinganisha. Yalifanana vizuri sana. Kamati ya maadili ya utafiti ikapitisha, nikapanda basi kwenda Mbarara na kutoka hapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro.

Swali la 14 lilikuwa hili: "Kabla ya kumleta mtoto kituo cha afya, ulimpeleka kwa mganga?" Nilitaka kujua wangapi wanachelewa kwa kupitia tiba za jadi. Siku ya kwanza karibu kila mama alisema ndiyo. Jioni nikaanza kupanga kichwani sura nzima ya matokeo. Siku ya pili mama mmoja, mtoto mgongoni, akajibu ndiyo, kisha akaendelea bila kuulizwa: "Muganga alimupima damu, akaniandikia dawa." Kalamu ikasimama. Kumbe kwa Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, muganga ni daktari au muuguzi. Kina mama wote wale walikuwa wananiambia walikwenda kituo cha afya kabla ya kwenda kituo cha afya, na walinivumilia kwa adabu.

Mbona zoezi la kurudisha kwenye Kiingereza halikunasa kosa hilo? Kwa sababu mtafsiri wa kwanza alitoka Mwanza na wa pili Bukoba. Kosa moja lilikuwa limekaa katika vichwa viwili, na karatasi zikakubaliana. Kwa hiyo mtafsiri mmoja lazima awe Mkongo, na sikubali ubishi hapo.

La pili lilikuwa "Maji mnayopata yanatosha?" Kwao kutosha ni kutoa, kuondoa. Wengine walielewa kwa kuwa wamezoea Kiswahili cha huku, wengine wakanitazama tu. Swali hilo nimelifuta kabisa. Sasa ninauliza: "Jana mlichota madumu mangapi ya lita 20? Mlilala watu wangapi?" Hesabu unaifanya wewe, ukilinganisha na kiwango cha UNHCR cha lita 20 kwa mtu kwa siku. Swali la kuhesabu vitu vinavyoonekana lina lahaja chache za kupotelea.

Basi fanya hivi kabla ya kupeleka chochote kwenye kamati. Huna haja ya kusafiri, Wakongo wako hapa Kampala, nenda Nsambya au Katwe. Tafuta kina mama sita au wanane. Msomee kila mmoja swali, kisha usitake jibu. Mwambie, "Nirudishie kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Andika maneno yake yalivyo, pamoja na "bantu" na "batoto", usiyasahihishe. Wawili wakikurudishia swali tofauti na lako, swali ni bovu. Majibu yao usiyaweke kwenye data, unachopima ni swali. Muulize msimamizi kama kamati yenu inataka barua hata kwa hilo.

Fomu ya ridhaa nayo ipitie njia hiyohiyo. Neno "ridhaa" lenyewe liliwashinda wengi, "kukubali" lilitosha (samahani, neno lile tena). Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mtu wako, kisha anaweka dole gumba. Na usimrudishe mama wa miaka 16 kwa sababu ya umri: miongozo ya Uganda inamruhusu mwenye mtoto kutoa ridhaa yeye mwenyewe.

Ukigundua kosa baada ya muhuri wa kamati, huruhusiwi kulirekebisha kwa kalamu. Unaomba mabadiliko na unasubiri. Mimi nilisimamisha kazi, nikaomba, na ombi likarudishwa bila kusomwa kwa sababu dodoso liliandikwa nakala namba 2 na pendekezo la utafiti likataja namba 1. Andika namba na tarehe chini ya kila ukurasa wa kila hati, zilingane.

Hatua ya 5: Vibali

Kamati ya maadili kwanza, halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kwa makazi ya wakimbizi unahitaji pia kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Kisha wilaya, kisha mkuu wa makazi. Beba nakala nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Uwanjani

Kukusanya majibu tumia programu ya KoboToolbox kwenye simu, si karatasi. Inafanya kazi bila mtandao, unatuma data jioni. Funga simu kwa nywila, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi. Uchambuzi fanya kwa Stata au R, programu za takwimu, ukihifadhi amri zako. Wanaobofya menyu hawawezi kurudia walichofanya juzi.

Mdogo wangu alirudi kutoka Katwe juzi na daftari limejaa. Swali lake la 9 lina neno "mganga".