Jinsi ya kupata nakala ya faili lako la afya ya akili nchini Kenya

Usifike kwenye dirisha la rekodi ukaomba "ripoti ya daktari". Ripoti ni waraka mpya: daktari hupitia faili, kisha huandika ukurasa mmoja au miwili kwa ajili ya korti, bima au mwajiri, na hiyo utatozwa. Wewe unataka nakala ya kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa. Kwa Kanuni za Ulinzi wa Data za mwaka 2021, hizo hutolewa bure, ndani ya siku 7 tangu uziombe. Haki yenyewe imo katika kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Tumia fomu ya DPG 2, iliyo katika jedwali la Kanuni hizo. Jaza jina kama lilivyoandikwa ulipolazwa (kama limebadilika, taja yote mawili), namba ya kitambulisho na namba ya faili iliyo kwenye kadi ya kliniki. Ukiandika "faili lote", utapewa karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, basi. Andika hivi:

"Naomba nakala za maandishi ya madaktari na ya wauguzi, chati ya dawa, fomu za kulazwa na muhtasari wa kuruhusiwa, kuanzia Machi 2021 hadi Juni 2022."

Chati ya dawa usiiache. Humo ndimo zinamoandikwa sindano ulizochomwa wodini, dozi na saa, mambo ambayo muhtasari huyaruka. Fomu za kulazwa nazo huonyesha kama uliingia kwa hiari yako au kwa ombi la mtu mwingine.

Peleka ombi nakala mbili; yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, utathibitishaje kwamba siku 7 zimepita?

Huenda ukaambiwa faili ni mali ya hospitali. Karatasi, sawa, habari zilizomo ni zako. Wengine watakutaka ulete mzazi au mume. Kifungu cha 27 kinazungumzia mlezi au msimamizi aliyeidhinishwa, na undugu peke yake si idhini. Ukimtuma mtu, mpe barua yenye sahihi yako.

Usishangae ukikuta mistari imezibwa kwa wino: mara nyingi ni maneno ambayo ndugu walimwambia daktari siku ya kulazwa, nao wana faragha yao. Omba sababu kwa maandishi.

Wakikaa kimya, wasilisha lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data ukiambatisha ile nakala yenye mhuri. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90.

Ukiona kosa ndani ya faili, fomu ya marekebisho ni DPG 3, na muda wake ni siku 14. Tarehe au dozi iliyokosewa hurekebishwa ukileta ushahidi. Jina la ugonjwa ni gumu zaidi, maana ni maoni ya kitaalamu. Tafuta kwanza maoni ya daktari mwingine wa akili, uyaambatishe.