Kuchonga kasa kwa ndara zilizotupwa na bahari
Bamvua likishapita, ufuo wa Shela huachiwa mstari wa mwani uliochanganyika na vijiti, vifuniko vya chupa na ndara, nyingi zikiwa za mguu mmoja tu. Ndara za namna hiyo ndizo zilizopamba mbavu za Flipflopi, chombo kilichoundwa na mafundi wa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa, kikashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikatweka tanga hadi Zanzibar. Anayeanza atosheke na kasa wa ukubwa wa sahani.

Okota ndara zenye soli ya sponji, kwani mpira mgumu haukubali kisu. Ng'oa kanda, loweka soli katika maji matamu yenye sabuni, kisha uzisugue kwa brashi mpaka mchanga ulioganda kwenye mistari utoke wote, maana chembe chache tu hutosha kukifanya kisu kiwe butu. Zianike kivulini hadi zikauke kabisa, kwa kuwa gundi haishiki penye unyevu.

Kazi yenyewe hasa ni kupanga rangi, nayo hufanywa kabla ya kugusa gundi. Gamba linapochongwa kuwa la mviringo, kila tabaka hujitokeza kama pete: soli ya juu ikiwa ya njano na inayofuata ikiwa ya buluu, utapata doa la njano katikati na buluu ikilizunguka, na kadhalika mpaka ukingoni. Rangi zinazokaribiana zikifuatana, pete hupotea. Kichwa kipange kwa soli zilizosimama ubavu, ili tundu la kanda liwe jicho.

Tumia gundi ya mafundi viatu, nawe ukae nje, mbali na moto. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, kisha ubandike kwa uangalifu, kwa sababu zikishashikana hazisogezeki tena. Gandamiza kwa jiwe zito usiku kucha.

Chonga kwa kisu kirefu chembamba, ukikinoa mara kwa mara na kukielekeza mbali na mkono, halafu ulainishe kwa msasa ukiwa umevaa barakoa. Mapezi ya mbele yawe marefu kuliko ya nyuma, kama alivyo kasa mwenyewe. Kupaka rangi sikushauri kamwe: hubanduka sponji inapokunjika, na huficha ule mpauko wa jua na chumvi ambao hakuna kopo la rangi linaloweza kuuiga. Gamba halisi la kasa nalo lisitumike, hata likiwa la kuokota, kwa kuwa sheria ya Kenya inakataza kulimiliki.

Fanyia kazi juu ya turubai, ukusanye mabaki yote kabla upepo haujayarudisha baharini. Yasichomwe, kwani moshi wake una sumu. Yashindilie ndani ya mto wa kukalia.