Kutafuta ufa uliojificha kwenye barabara ya zege

Nguzo unaweza kuipima huku na huku. Barabara inakupa uso wa juu tu. Kwa hiyo vichwa vyote viwili vya kifaa cha altrasoniki (hutuma wimbi la sauti ndani ya zege na kupima muda linaotumia kufika), cha kutuma na cha kupokea, vitakaa juu ya slabu hiyohiyo. Vya kHz 54 vinatosha.

Subiri pakauke. Tanga wakati wa masika ufa hujaa maji, na maji hupitisha wimbi kana kwamba hakuna ufa. Jua la muda wa saa mbili hukausha ngozi ya zege tu, ndani bado.

Hakiki kifaa kwa fimbo yake: kisome namba iliyochongwa juu yake. Mahali pa kila kichwa, sugua mistari ya ufagio kwa jiwe la kunolea, pangusa vumbi, paka grisi, kandamiza mpaka hewa itoke. Namba zikirukaruka, laumu grisi kwanza.

Piga mstari wa chaki. Kichwa cha kutuma kibaki palepale. Cha kupokea kisogeze sm 10 kila mara hadi sm 60, ukiandika muda. Chora grafu ya muda na umbali. Zege zima hutoa mstari ulionyooka. Muda ukiruka ghafla kati ya sm 30 na 40, ufa upo hapo.

Kujua kina, weka vichwa sm 15 kila upande wa ufa. Tuseme unasoma mikrosekunde 100, na umbali huohuo wa sm 30 kwenye zege zima ni 75. Gawanya: 1.33. Kipeo chake cha pili, 1.78, toa 1, inabaki 0.78, kipeuo chake cha pili 0.88. Zidisha kwa sm 15: kina ni kama sm 13. Kwenye slabu ya sm 20 huo si ufa wa kuziba juujuu.

Nondo ndizo zinazodanganya sana. Wimbi hukimbia karibu km 5.9 kwa sekunde ndani ya chuma, na kama km 4 kwenye zege zuri, basi hupita njia ya mkato na ufa huonekana mfupi. Mstari wako uzikate nondo kwa mshazari, nyuzi 45, na usipime juu ya kiungio chenye vyuma vya kuunganisha slabu.

Hesabu hiyo ni ya ufa uliosimama wima. Ukiushuku umelala, sogeza kichwa kimoja mbali na ufa kidogokidogo: muda ukipungua badala ya kuongezeka, umelalia upande huo.