Jangwa la Marekani wakati wa joto na watoto: tazama mwinuko kabla ya jina

Kabla hujaangalia picha za hifadhi yoyote, fungua ramani inayoonyesha mwinuko. Hilo ndilo ninalowaambia jamaa wanaonipigia simu kila Mei, shule zikikaribia kufungwa, wakitaka kujua wawapeleke wapi watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili. Naishi Phoenix, Arizona, mji ambao mwaka 2023 ulipiga nyuzi 43 za sentigredi na zaidi siku 31 mfululizo. Mimi ni mtu wa Tanga, joto silishangai, lakini la huku ni jingine. La pwani linakulowesha, unajua kabisa kwamba unatoka jasho. La huku jasho linakauka kabla hujaliona, na mtoto anaishiwa maji mwilini huku shati lake ni kavu.

Habari njema ni kwamba jangwa hili halina kimo kimoja. Kuna mabonde yanayounguza na kuna nyanda za juu zenye misonobari na baridi ya usiku. Death Valley, California, iondoe kwenye orodha mapema. Badwater, sehemu yake ya chini kabisa, iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na Furnace Creek, papo hapo jirani, ndiko ziliporekodiwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Askari wa hifadhi wenyewe wanashauri watu wasitembee kwa miguu mabondeni baada ya saa nne asubuhi. Nenda Februari. Joshua Tree na Saguaro nazo ziache hadi wakati huo.

Ukiniambia nichague moja tu kwa familia inayoanza, nitasema Bryce Canyon, Utah, bila kusita. Ukingo wake uko kati ya mita 2,400 na 2,700, juu kuliko Nairobi. Julai mchana ni kama nyuzi 27, na usiku watoto wanadai masweta. Shuka kwa njia ya Queen's Garden, upande kwa Navajo Loop. Zote mbili zikiunganishwa ni karibu kilomita tano. Watoto wa umri huu hawana haja na mandhari ya kusimama na kutazama. Wanataka mahali pa kupita. Pale ukingoni wangu walitoa macho kidogo wakarudi kwenye simu, lakini tulipofika kwenye mlango wa kwanza uliotobolewa ndani ya mwamba mwekundu, mdogo alitangulia, akaweka kiganja ukutani kuona kama ni baridi (ni baridi kweli), na tangu hapo kazi ikawa ni kumwita asitupotee. Kupanda kurudi kunachosha. Mpe kila mtoto chupa yake mwenyewe, usibebe maji ya wote mgongoni mwako.

Grand Canyon ni mtego wa aina yake. Ukingo wa Kusini uko mita 2,100, hali ni nzuri, kwa hiyo watu wanajisahau. Kosa la wengi ni kusahau kwamba huku unaanza kwa kushuka, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyozidi; chini kabisa Julai linavuka nyuzi 40. Halafu ndiyo upande, umechoka, jua la utosi. Ushauri wa hifadhi ni kutokuwa ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na mimi kwa watoto naona Ooh Aah Point, mahali pa kutazamia korongo, inatosha: chini ya kilomita moja na nusu kwenda, alfajiri, kisha mrudi juu mkale. Ukingo wa Kaskazini una ubaridi zaidi, ila moto wa Julai 2025 uliteketeza hoteli yake ya kihistoria, kwa hiyo hakikisha kilichofunguliwa kabla ya kupanga safari.

Zion, nayo ya Utah, iko chini zaidi, na nyuzi 38 si ajabu, lakini ina mto. Riverside Walk ni njia iliyosakafiwa inayofuata Virgin River, na mwisho wake ndipo watu wanapoingia majini kuelekea The Narrows, sehemu nyembamba ya korongo ambako njia ni mto wenyewe. Mabasi ya hifadhi yakiwa kazini huruhusiwi kuingia na gari lako kwenye korongo kuu, basi uwahi la asubuhi. Mambo mawili usiyafanyie mzaha. Kuanzia katikati ya Julai mvua inaweza kunyesha mbali, mbingu juu yako ikiwa nyeupe, na maji yakaja kwa kasi ndani ya korongo. Uliza utabiri wa mafuriko kituoni asubuhi hiyohiyo. Pia mto huo umewahi kukutwa na vijidudu vyenye sumu, kwa hiyo watoto wasinywe maji yake wala kuzamisha vichwa. Angels Landing, kilele chembamba chenye minyororo ya kushikia, siwapandishi watoto wangu, hata kibali kikipatikana.

Kama lazima mpite nchi ya chini, ingieni ardhini. Carlsbad Caverns, New Mexico, ndani ni nyuzi 13 mwaka mzima, na jioni popo wanatoka pangoni kwa wingi. Weka nafasi mapema. White Sands iko New Mexico hiyohiyo, na mchanga wake wa jasi hauunguzi miguu, watoto wanateleza juu ya sahani za plastiki zinazouzwa hapo. Lakini jioni tu. Agosti 2015 wazazi wawili kutoka Ufaransa walifia pale njiani kwa joto, wakiwa na maji kidogo mno; mtoto wao wa miaka tisa alinusurika.

Maji ni lita nne kwa mtu kwa siku, na chumvi iende nayo. Deli letu la barafu linakuwa na chapati, korosho zenye chumvi, matunda, na ubuyu wa kuchangamsha safari. Saa za mchana tunalala. Juni jua la Utah linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu, ingawa wanaosubiri sala ya Magharibi wanasubiri sana.

Kuhusu pesa: mtoto aliyemaliza darasa la nne mwaka huu ana haki ya pasi ya bure ya familia hadi 31 Agosti, na wazazi wengi hawaijui. Pasi ya mwaka ni dola 80 kwa wakazi wa Marekani. Ukiwa na wageni kutoka nyumbani, jua kwamba tangu 2026 asiye mkazi mwenye miaka 16 na kuendelea anaongezewa dola 100 katika hifadhi 11, zikiwemo Bryce, Zion na Grand Canyon. Au anunue pasi ya dola 250. Mesa Verde na Capitol Reef hazimo kwenye orodha hiyo, na bibi akiwa na wajukuu Capitol Reef itampendeza: bustani za matunda za Fruita, unakula bure ukiwa chini ya mti, unalipia unayobeba.

Mesa Verde, Colorado, ndiko nitakakokwenda na wangu tena kabla hawajakua wakaona haya. Balcony House, makao ya kale yaliyojengwa ndani ya mwamba na yanayotembelewa kwa kundi lenye kiongozi, ina ngazi ya mbao ya karibu mita kumi na tundu la kupita kwa magoti. Tiketi zinafunguliwa wiki mbili kabla na zinaisha haraka. Angalia saa pia: Arizona haisogezi saa majira ya joto, Colorado inasogeza, hivyo zamu ya saa tatu asubuhi kule ni saa mbili ya Phoenix, na kundi halimngojei mtu.